Mama Mkwe na Bibi wa Ulaya

Mtu wa kwanza niliyemwomba ruhusa ya kumshika mkono kwa Kiingereza alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwetu Katoro, anachambua mchele, nami nilisimama mbele yake nimevaa sare nyeupe siku ya mapumziko, nywele nimezibana, saa ya kifuani inaning'inia. Nilimtajia jina langu, nikamwambia mimi ndiye muuguzi wake wa leo, nikamuuliza angependa nimwite nani. Kisha nikamtafsiria. Akaniuliza kama usiku nilipata usingizi.

Tulikuwa tumeishi nyumba moja tangu baba mkwe afariki. Jina langu hakuwahi kulitamka hata siku moja, kwa kuwa kwake mimi ni mama wa mjukuu wake na hilo linatosha. Mimi nilimwita Mama, kila asubuhi nikimpa shikamoo nimepiga goti, na siku zote tulipishana mlangoni kwa adabu ile ya mtu na mkwewe, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Sasa nilikuwa namwomba anyooshe mkono nihesabu mapigo ya moyo.

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya upande wa machimbo. Kazi yetu kubwa ilikuwa wazazi na majeruhi, yaani wanaokuja duniani na wanaofukuliwa humo, na wote waliletwa na bodaboda walewale. Mwenzangu niliyesoma naye chuo alikuwa ameshaondoka, anafanya kazi katika nchi moja ya baridi ambayo nitaiacha bila kuitaja. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba huko wanatafuta wauguzi, na kwamba nikianza mapema nitachelewa kidogo tu. Mume wangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki sokoni, aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko mimi. Alisema nijaribu, kujaribu hakuui. Mama mkwe aliuliza kama wazee wa huko hawana wakwe.

Kuhamisha taaluma kutoka nchi moja kwenda nyingine ni kumshawishi mtu usiyemwona kwamba wewe ndiye wewe. Chuo changu cha Shinyanga kilikuwa kimeunganishwa na kingine, kikabadili jina na kuhama majengo. Kwa hiyo chuo kilichonisomesha hakikuwepo, na kilichokuwepo hakikunisomesha. Mkuu wa chuo kipya, mtu mpole sana, aliniandikia barua ya kuthibitisha kwamba anathibitisha yaliyothibitishwa na waliomtangulia. Barua hiyo ilipokelewa vizuri. Kisha wakubwa wa kule wakataka kujua huwa nawahudumia wagonjwa kwa lugha gani. Nikasema ukweli: Kiswahili, Kisukuma, Kisumbwa kidogo, na Kiha kwa wachimbaji wanaotoka Kigoma. Wakajibu kwa heshima kwamba wamefurahi kusikia hivyo, ila wangependa sasa niwaeleze lugha ya mawasiliano.

Nikaenda kufanya mtihani wa Kiingereza. Nilitakiwa kuandika insha juu ya faida na hasara za kumruhusu mbwa kulala kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa malaria, kwa mazingira, hata kwa utandawazi. Sisi nyumbani tulikuwa na mbwa mmoja ambaye akiuona mlango wa chumba uko wazi alikuwa anageuka na kwenda zake. Nilimtetea hata hivyo. Niliandika juu ya joto lake na upweke wake mpaka nikasikitika, na nikafaulu.

Baada ya hapo yakaja mahojiano kwa njia ya kompyuta. Nyumbani haikuwezekana, kwa sababu jirani yetu ana karasha la kusagia mawe na likianza hata sufuria zinacheza. Tukakodi chumba cha gesti Geita mjini, mume wangu akakaa nje mlangoni kuzuia watu. Upande wa pili walikuwa watatu. Mama mmoja mwenye miwani aliniomba nieleze siku niliyofanya kazi katika mazingira magumu. Nikawaeleza siku ile duara lilipoporomoka, duara maana yake shimo la dhahabu, na vijana waliokuwa chini wakaletwa wote kwa mpigo, umeme umekatika, tukashona kwa mwanga wa simu huku mama mmoja anajifungua nyuma ya pazia na sisi tunamwitikia kutoka tulipo. Nilieleza vizuri, nadhani. Kisha yule mama akauliza kama baada ya kazi ile kuna mtu yeyote aliyetaka kujua mimi mwenyewe najisikiaje.

Nikafikiri sana. Nikakumbuka kwamba mlinzi wa getini aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, alikuwepo. Wote watatu waliinama wakaandika. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba jibu hilo ndilo lililonipa kazi.

Kilichobaki ulikuwa mtihani wa vitendo, unaofanyika hukohuko ukishafika. Na huu ndio ulionifikisha kwenye mkeka wa mama mkwe. Katika mtihani ule unapewa mgonjwa wa kuigiza, mtu mzima mwenye afya yake aliyeajiriwa kuugua, nawe unamhudumia huku msimamizi anakutazama. Mwenzangu alinionya kwamba nisifanye jambo lolote kimyakimya. Ukinawa mikono bila kusema kwamba unanawa, hujanawa. Ukivuta pazia bila kusema kwamba unamlindia mgonjwa faragha, umevuta kitambaa tu. Nilikuwa nimeuguza watu miaka kadhaa kwa mikono, sasa nilitakiwa nijifunze kuuguza kwa mdomo.

Nilianza na mume wangu, lakini ana mcheko. Nikimgusa kwapa kuweka kipimajoto anajikunja kama mtoto. Nilimfukuza jioni ya kwanza. Mama mkwe, ambaye alikuwa anatazama tangu mwanzo, akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo hajawahi kuugua vizuri tangu utoto wake.

Kwa hiyo nikaanza na mama mwenyewe. Ilikuwa ngumu. Kwanza hakukubali mtihani uanze kabla hajapewa shikamoo, na baada ya marahaba akataka habari za kazi, za mtoto, za watu wa kwetu nilikozaliwa, Maganzo, mpaka muda wote wa mtihani ukawa umekwisha na mimi bado sijanawa mikono. Pili, kulikuwa na maswali. Ilinipasa nimuulize kama amepata choo, cha namna gani, na kama akikohoa mkojo unamtoka. Nilifika hapo nikakwama. Niliangalia chini, yeye akaangalia mchele.

Ni yeye aliyepata njia. Siku iliyofuata alitoka chumbani amevaa sweta la mume wangu na miwani yangu ya jua, akapita mkeka bila kuutazama, akakaa kwenye kiti. Akasema kwa Kiswahili cha puani, kama wanavyosema wazungu wa misheni, kwamba mama mkwe wangu ametoka, na yeye ni bibi wa Ulaya.

"Mama mkwe wako usimuulize mambo hayo," alisema. "Niulize mimi."

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda. Bibi wa Ulaya hakuhitaji shikamoo. Alikuwa na mbwa wawili waliolala kitandani, watoto waliokuwa hawampigii simu, na nyumba ya ghorofa aliyochoka kupanda. Nikimuuliza jambo anajibu, tena kwa kirefu. Alikuwa mkali. Nikisahau kusema kwamba nanawa mikono, anavuta mkono wake na kuuficha ndani ya sweta. Neno la Kiingereza alilolijua lilikuwa moja, "yesi", na alilitumia kwa uangalifu, baada ya kufikiri. Majirani wakaanza kuja na mboga zao wachambue wakitazama. Siku moja mmoja wao alikuja na mtoto mwenye homa kali. Nikamwacha bibi na kipimajoto kwapani, nikamshughulikia mtoto mpaka akapata bodaboda ya kumpeleka kituoni. Niliporudi, bibi wa Ulaya alikuwa amenuna. Alisema kwao muuguzi haondoki bila kuaga.

Nilimpenda bibi yule, hilo nalikiri. Alinieleza mambo ambayo mama mkwe asingeyatamka hata angebanwa na mlango. Kwamba anaamka na kichwa kizito. Kwamba akiinama kufagia anaona nyota. Kwamba kuna siku moyo unamwenda kama mtu anayekimbizwa, naye anakaa jikoni mpaka upite ili watu wa nyumba wasijue. Nilikuwa naitikia na kumshukuru kwa kunishirikisha, kama mwenzangu alivyonifundisha, na moyoni nikasema mama huyu angezaliwa mjini angekuwa mwigizaji.

Kisha nikaazima kipimo cha presha kutoka kazini, ili nizoee kupima huku nikiongea. Nikamfunga mkononi, nikaeleza kwa Kiingereza kwamba atahisi kubanwa kidogo, nikajaza upepo. Nikasikiliza mapigo. Nikapima mkono wa pili. Nikamwomba apumzike, nikapima tena. Presha ilikuwa juu mno, ile ambayo kituoni mtu akija nayo hatumruhusu kurudi nyumbani kwa miguu.

"Mama," nikasema, "tusimamishe mchezo. Hii presha ni yako."

"Si yangu," alisema bila kuvua miwani. "Ni ya bibi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alivua sweta, akalikunja, akarudi kwenye mchele wake, na kuanzia hapo alikuwa mama mkwe tena, na mama mkwe hakuwa na ugonjwa wowote. Jioni mume wangu alinieleza. Dada yake mama, aliyekuwa akiishi Masumbwe, aliwahi kuambiwa hospitalini kwamba ana presha. Kabla ya kuambiwa alikuwa analima, baada ya kuambiwa akaanza kulala mchana, na mpunga wa mwaka ule haukumkuta. Tangu hapo mama aliamini kwamba ugonjwa huo huingia kupitia sikio. Mtu asipoambiwa, hana.

Tulimbembeleza. Mume wangu alimpigia magoti, mimi nikamweleza kwa lugha zote ninazozijua habari za mishipa na kiharusi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyojifunika kanga masikioni. Mwisho nilimfokea. Sijawahi kumfokea mkwe wangu kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alisimama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Sikuogopa mtihani tena. Niliogopa kwamba nitaamka nimkute ameanguka pale jikoni, mimi muuguzi ninayetakiwa ng'ambo.

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo nikaona kiti kimesogezwa uani. Alikuwa amekaa juu yake, sweta, miwani, mikono juu ya magoti.

"Bibi hajisikii vizuri," alisema.

Nikafuta mikono. Nikamwambia kwamba nimenawa. Nikamuuliza kama bibi angekubali kupelekwa kwa daktari. Alifikiri.

"Yesi," akasema.

Tulikwenda Geita hospitalini, sisi watatu, yeye na sweta lake katika jua lile. Mapokezi walipouliza jina akasema yeye ni msindikizaji. Mume wangu akalisema jina la mama yake kwa sauti ya chini dirishani, wakaliandika. Chumbani kwa daktari tulimkuta kijana aliyeonekana hajalala, macho mekundu, akauliza bila kuinua kichwa ni nani mgonjwa kati yetu.

"Mgonjwa ni bibi wa Ulaya," mama mkwe akamjibu. "Mimi nimemletea mwili."

Daktari aliinua kichwa. Alimwangalia yeye, akaniangalia mimi na kitambulisho changu cha uuguzi ambacho kwa bahati mbaya nilikuwa nimekivaa. Nilitaka kumweleza habari za mtihani, za nchi ya baridi, za dada wa Masumbwe, nikaona kila ninapoanzia ninazidi kuonekana mgonjwa wa pili.

"Basi niupime huo mwili," alisema daktari.

Akapima, akasikiliza moyo, akaandika vipimo vya damu na mkojo, akaandika dawa. Alifanya kila kitu taratibu, na mama mkwe akatulia kabisa. Alipomaliza alimwambia amfikishie bibi ujumbe: apunguze chumvi, dawa anywe kila siku, na asiache hata siku atakapojisikia mzima. Mama mkwe alimsikiliza kwa makini, akamwambia bibi huyo ni mkaidi lakini atamwambia. Mlangoni alimshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, na daktari, ambaye kumbe naye ni wa hukuhuku, akaitikia kama mtoto wake.

Kuanzia hapo nyumbani kwetu kulikuwa na chungu kidogo cha mboga ya bibi, isiyo na chumvi. Mama mkwe alikipika mwenyewe na kukila mwenyewe, akisikitika jinsi wazungu wanavyokula vibaya. Asubuhi alimeza kidonge mbele yangu na kutangaza kwamba bibi amemeza. Kila wiki nilimpima. Presha ilianza kushuka. Tulikuwa tunazungumza juu ya bibi mezani, mume wangu anauliza hali yake, mama anajibu kwamba anaendelea, ila kisigino kinamsumbua, na mimi nikitoka kazini napitia duka la dawa kununua mafuta ya kisigino. Mtu wa nje angetusikia angedhani tuna mpangaji.

Viza ilitoka mvua za vuli zikianza. Niliondoka nikiwa na kipimo changu mwenyewe cha presha begini, na kingine nimemwachia mume wangu baada ya kumfundisha mpaka akaacha kucheka.

Mtihani nilifanya mwezi niliofika, nikafeli.

Nilinawa kwa mdomo, nikavuta pazia kwa maelezo, nikajitambulisha vizuri. Mgonjwa wangu wa kuigiza alikuwa mzee mwekundu mwenye tabasamu, kazi yake hiyo. Nikampima presha, ikawa nzuri kabisa, presha ya kijana. Msimamizi akanipa kikadi chenye namba kubwa na kusema kwamba hiyo ndiyo presha ya mgonjwa. Nikasema kwa heshima kwamba hapana, nimepima, mzee ni mzima. Akarudia. Nikaomba nipime mkono wa pili. Nilikuwa nimetoka mbali na jambo hili, sikuwa tayari kumwambia mtu ana presha wakati hana, wala kinyume chake. Mzee mwenyewe alijaribu kunisaidia, akashika kichwa na kuugulia kidogo. Nikamgeukia nikamwambia asiwe na wasiwasi, presha yake ni nzuri sana. Msimamizi akaandika kitu kirefu.

Nilipopiga simu nyumbani, mama mkwe aliomba apewe simu. Aliuliza mgonjwa alikuwa nani. Nikamweleza kwamba ni mzee wa hukohuko, anaugua kwa mshahara. Akataka nimsimulie alivyougua, hatua kwa hatua, nikamsimulia.

"Hajui kuugua," alisema. "Mwanangu, hukukosea wewe."

Mara ya pili niliandika namba ya kikadi bila kubisha, nikafaulu. Nikapewa wodi ya wazee, na hapo nipo mpaka leo. Kazi ni nzito, wenzangu ni watu wema, na kila ninachofanya nakisema. Nimezoea mno. Nikiwa peke yangu jikoni najikuta nikiiambia sufuria kwamba sasa naifunika.

Mume wangu na mtoto bado wapo Katoro, karatasi zao zinakwenda na kurudi. Mama mkwe huenda kliniki kwa bodaboda kila mwezi. Sweta aliliacha wakati wa joto, halafu miwani ikavunjika. Mume wangu aliniambia kwamba kuna siku mama alimeza kidonge akaendelea na shughuli zake bila kutangaza chochote, na kesho yake hivyohivyo. Alitaka kumuuliza, nikamkataza.

Nilikwenda likizo mwaka jana. Nilifika nyumbani alasiri, karasha la jirani linanguruma, mtoto amenipita bega kwa urefu. Mama mkwe alinipokea begi kisha akaipokea mikono yangu, akaigeuza viganja juu. Ilikuwa imepasuka kwa baridi na kwa sabuni, kwenye viungo damu imekauka. Alisema hii ni mikono ya mtu wa karasha. Akaniketisha karibu yake mkekani, akaleta samli kutoka jikoni, akaanza kunipaka kidole kimoja kimoja, akinisimulia bei ya mchele, msiba wa jirani ambao sikuuhudhuria, na ng'ombe aliyezaa mapacha kwa binti wa marehemu dada yake, kule Masumbwe. Samli ilikuwa ya moto kidogo. Nilitaka kumwambia inatosha, lakini alikuwa bado hajamaliza habari ya ng'ombe.